Siku Mji Mzima Ulipomtafuta Mzee Fuseni

Kijiwe chetu cha mtaa wa Bolomakote kiliitwa Uwanja wa Ndege, na ndege yenyewe ilikuwa ya rangi. Mpiga picha mmoja aliyehamia Abidjan zamani aliichora kwenye ukuta wa studio yake, nyeupe, na ngazi yake ya kupandia, ili watu wapigwe picha kama wasafiri. Studio ikafungwa, ndege ikabaki, nasi tukaweka benchi chini ya bawa. Miaka hiyo simu za mkononi walikuwa nazo wakubwa wachache tu. Ulikuwa msimu wa vumbi, upepo wa jangwani umeufunika mji wote wa Bobo, na jua la saa nane mchana lilikuwa jeupe na hafifu, unalikodolea macho kama mwezi. Siku za namna hiyo mtu akiongea, sauti yake humrudia kama ya mtu mwingine. Mimi ni Sungalo, mpika chai wa kijiwe, wakaniita Birika. Nilikuwa nimemimina glasi za kwanza, zile chungu, za kwangu na za hawa wawili: Waziri, ambaye hajawahi kushika ofisi yoyote ila mdomo wake hauna likizo, na Hama Diallo, Mfulani, tuliyemwita Maziwa. Waziri ni Mbobo. Wabobo na Wafulani ni watani tangu enzi za mababu, wanaweza kutukanana kutwa nzima na asinune mtu.

— Mtani, leo ng'ombe umewaachia nani? Waziri alikuwa anamchokoza.

— Nimewaachia shemeji yako. Wamezoea kuchungwa na Wabobo, hawana tofauti nao.

Hapo ndipo Yakuba alipofika na pikipiki, akasimama bila kuzima injini.

— Mmemwona baba?

Hatukuuliza baba yupi. Mzee Fuseni Millogo tulimjua wote. Alikuwa fundi wa marimba, na nusu ya marimba zilizopigwa kwenye harusi za mtaa ule zilitoka mikononi mwake. Sasa akili ilikuwa imeanza kumtoka polepole. Ukimgongea kipande cha ubao anakutajia sauti yake bila kukosea, lakini kutoka langoni mpaka kitandani kwake hajui njia. Kutwa alikaa kwenye kigoda nyuma ya binti yake Korotimu, aliyekaanga bagia za kunde hapo kwenye kona, hatua chache kutoka kwetu. Tukageuka kutazama. Korotimu alikuwa amesimama, kijiko kikubwa mkononi, na kigoda hakikuwa na mtu.

— Ulikuwa wapi wewe? Yakuba alimfokea dada yake.

— Nilikuwa hapa hapa.

— Hapa hapa, na baba hayupo?

— Mafuta yaliwaka, Yakuba. Nikageuka kuinua karai. Niliporudisha macho...

— Ukageuka! Mtu mmoja tu umepewa umwangalie!

Korotimu akakiweka kijiko chini. Mwaka uliotangulia bibi mmoja wa mtaa wa Kolsama alipotea hivyo hivyo, wakamkuta porini siku ya tatu, baridi ya alfajiri imeshammaliza. Sote tulimkumbuka yule bibi wakati mmoja, na hakuna aliyemtaja.

— Nitapita lango kwa lango, Yakuba alisema. Mtaa huu wote, kisha Tunuma, kisha huko mbele. Silali.

Akaondoka, vumbi likamfunga nyuma. Maziwa akainuka amfuate kwa miguu. Korotimu akamzuia.

— Kaeni, kaka zangu. Akiletwa lazima awakute watu.

Alikuwa na wateja wawili pale, mmoja muuza vitambaa, mwingine msusi. Akawashika mikono, mmoja huku, mmoja huku, akawaambia taratibu kama anayefundisha dua:

— Mzee mrefu, kanzu ya bluu. Amevaa kandambili moja ya kijani na moja nyekundu. Atakayemwona asimpigie kelele, amshike mkono, amlete kwenye ndege ya Bolomakote. Haya muwaambie watu wawili, si zaidi, na kila mmoja wao naye awaambie wawili. Mmeshika?

— Tumeshika.

Wakaenda. Korotimu akaja kukaa mwisho wa benchi letu, mikono mapajani. Nilimpa glasi, akaishika bila kunywa.

Waziri akashindwa kujizuia.

— Dada Koro, nisamehe, lakini hapo umekosea. Watu wawili! Yakuba ana pikipiki, muda wa chai moja anapita malango kumi. Wewe umetuma wanawake wawili wanaotembea kwa miguu, na mmoja ana mtoto mgongoni.

— Mwache, Maziwa alisema. Anajua anachokifanya.

— Anajua nini? Hesabu haina uchungu wa mzazi. Birika, leta hizo karanga.

Nikasogeza bakuli. Waziri akamwaga karanga kwenye sinia la chai, akatenga kumi upande wake.

— Huyu Yakuba. Kila hatua, malango kumi. Wewe mtani weka za dada.

Maziwa akaweka mbili.

Waziri akaongeza kumi nyingine. Ishirini. Upande wa Maziwa wale wawili wamesema na wawili wawili, akapanga nne chini ya zile mbili. Waziri thelathini, Maziwa nane. Waziri arobaini, Maziwa kumi na sita.

— Unaona aibu hiyo? Waziri alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Arobaini kwa kumi na sita! Mfulani anahesabu kama anayekamua ng'ombe mkavu.

— Endelea kuweka.

— Hamsini.

— Thelathini na mbili.

— Sitini.

Maziwa alihesabu kwa muda. Vidole vyake vilikuwa virefu, na karanga zilitoka moja moja kama shanga.

— Sitini na nne, alisema.

Waziri akatazama sinia. Akaongeza kumi zake, sabini, akasubiri. Maziwa akaingiza mkono bakulini akakuta ganda tupu. Alihitaji mia moja na ishirini na nane, na karanga zilikuwa zimekwisha.

— Subiri, subiri. Yakuba ataongeza mwendo. Ishirini kila hatua!

— Sawa. Hatua ya saba atakuwa na mia na arobaini, atatushinda kidogo. Ya nane ana mia na sitini, sisi mia mbili hamsini na sita. Umemwongezea hatua mbili za kutangulia, basi. Mpe na ndege hiyo ya ukutani ukitaka.

— Kwani kila mwanamke atasema? Wengine watasahau, watapita sokoni wabishane bei ya nyanya.

— Wasahau. Itachelewa. Lakini ya Yakuba inapanda kwa ngazi, mtani, kipandio kile kile kila mara. Hii ya dada kila kipandio ni kirefu kuliko vyote ulivyokwisha kupanda.

Nilimwona Korotimu anasikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye yale mafungu ya karanga kwenye sinia, kama mtu anayeangalia moto. Tulibishana kwa sababu tulikuwa tunaogopa, na nadhani alituruhusu kwa sababu hiyo hiyo.

Nikaweka maji ya chai ya pili.

— Kwa hesabu hiyo, Waziri alisema, sauti imeshuka, jioni hii habari itakuwa imetoka Bobo. Itapanda lori la kwenda mjini Wagadugu.

— Itavuka mpaka, alisema Maziwa. Itafika Abidjan, yule mpiga picha ataisikia, atasema, kumbe ndege yangu ingalipo.

— Itavuka bahari. Huko Maka mtu atasimama katikati ya tawafu amwambie mwenzake, mzee mrefu, kanzu ya bluu.

— Watu wa dunia watakwisha. Watageukia ng'ombe wangu.

— Na ng'ombe watawaambia ng'ombe wawili.

— Wakishaisha walio hai, habari itaanza kuwaendea waliokufa. Babu yangu atageuka kaburini amwambie babu yako: mtumwa wangu, amka, kuna mzee kapotea.

Hatukucheka. Vumbi lilikuwa limeuinamia mtaa mpaka nyumba za ng'ambo zikawa kama zimechorwa na kufutwa nusu. Niliwaza kwamba kweli, katika ule weupe, watu wasiokuwepo walikuwa wanapita wakinong'onezana rangi za kandambili. Korotimu akanywa chai yake kwa mara ya kwanza.

Glasi ya pili haijaisha, akatokea muuza mikate kwa baiskeli, kijana wa Tunuma tusiyemjua. Akasimama, akatutolea salamu zote za heshima, kisha akasema:

— Wakubwa zangu, kuna mzee kapotea. Mrefu, kanzu ya bluu, kandambili moja ya kijani, nyingine nyekundu. Mkimwona mshikeni mkono. Nanyi waambieni wawili.

Korotimu akafunika mdomo kwa mkono.

— Kakwambia nani? Waziri aliuliza.

— Muuza magazeti. Naye kaambiwa na mke wa imamu.

Akapanda baiskeli yake, maana ametuambia wanne kwa mpigo na alitaka kwenda kuungama kwa muuza magazeti kwamba amezidisha. Maziwa akamtazama Waziri bila kusema kitu. Huo ndio utani mkali kuliko wote alioufanya siku ile.

Baada ya hapo Yakuba akarudi. Safari hii alizima injini. Uso wake wote ulikuwa wa vumbi, ni macho tu yaliyobaki, akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu la ndege.

— Siwezi kuuliza tena, alisema. Lango la kwanza niliuliza, wakasema hapana. La pili, hapana. Nimefika Tunuma, nafungua mdomo, mama mmoja ananikatiza, ananiambia mimi: mzee mrefu, kanzu ya bluu. Lango linalofuata, hivyo hivyo. Nikaongeza mwendo mpaka Sarfalao, nikajua huko nitakuwa wa kwanza. Nimemkuta mtoto anachota maji, akaniambia, kaka, uwaambie wawili.

Akamtazama dada yake.

— Mbele yangu kote, Koro. Popote ninapofika ulikwisha kufika.

— Sijainuka hapa, Korotimu alisema.

— Najua. Nilikufokea.

— Ulikuwa unaogopa.

— Nilikufokea mbele ya watu.

Korotimu akamsogezea glasi yake, Yakuba akanywa. Wakakaa hivyo, kaka na dada, kama zamani walipokuwa wadogo wakimsubiri baba yao atoke karakanani.

Sasa nieleze mzee alivyokuja, maana watu wa mitaa mingine wamelichezea jambo hili, lakini mimi nilikuwepo. Kwanza tulisikia sauti za wanawake. Kisha weupe wa vumbi ukafunguka, tukaona kundi la watu kama kumi linakuja, na mbele yao, si katikati wala si nyuma, mbele kabisa, akiwaongoza, Mzee Fuseni. Kanzu ya bluu. Kijani na nyekundu. Alitembea kwa haraka ya mtu mwenye kazi.

Korotimu akasimama. Akataka kukimbia, mwanamke mmoja akampungia mkono nyuma ya mgongo wa mzee: tulia kwanza.

Mzee akafika mpaka mbele ya benchi. Akatusalimu, akatuulizia nyumbani, watoto, afya, yote sawasawa. Kisha akamtazama binti yake kwa upole wa mgeni.

— Binti yangu, hamjamwona mzee mmoja hapa? Mrefu, ana kanzu ya bluu. Kandambili zake moja ya kijani, moja nyekundu. Amepotea tangu mchana. Nimeambiwa kwake wanalia.

Baadaye yule mwanamke alitusimulia: walimkuta ng'ambo ya soko, akisimamisha wapita njia na kuwaambia wawili wawili, kama alivyoambiwa yeye. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba ndiye yeye. Walimwomba tu awaonyeshe iliko ndege, na hiyo, ajabu, aliijua.

Korotimu akamsogelea.

— Tumemwona, baba. Yupo. Mzima kabisa.

— Amekula?

— Atakula sasa hivi.

— Basi Mungu ashukuriwe, alisema Mzee Fuseni, na mabega yake yakashuka. Nipisheni nikae. Nimechoka kwa kumtafuta.

Tukampisha. Yakuba alikwenda nyuma ya studio, akakaa huko kidogo, akarudi na macho yaliyooshwa.

Hapo ingetosha. Lakini wale wawili hawajui kukaa kimya.

— Tutume habari kwamba amepatikana, Waziri alisema. Kwa njia ile ile. Wawili wawili.

Korotimu akawaambia wawili katika wale waliomleta, wakaenda. Maziwa alikuwa anakuna kidevu.

— Haitaifikia ile ya kwanza, alisema.

— Kwa nini? Mwendo ni mmoja!

— Ndiyo hiyo shida, mtani. Mwendo mmoja. Ya kwanza iliondoka mchana, ya pili imeondoka sasa. Hii inafika kwa watu wanne, ile iko kwa maelfu. Hii ikiwa nane, ile imejizidisha maelfu yake. Kila hatua pengo nalo linazaa.

— Mpaka lini?

— Mpaka mji uishe. Mahali fulani kila mtu atakuwa ameshasikia, ile ya kwanza itakosa wa kumwambia, ikae chini. Ndipo ya pili itakapoikuta.

— Na kabla ya hapo?

Kabla ya hapo, walianza kuja. Wa kwanza alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, koti la bluu la kazi, ameshikwa na vijana wawili wenye adabu kubwa.

— Nawaambia sijapotea! Naenda zamu!

— Ndiyo baba, ndiyo, walimjibu kwa upole, wakamkalisha. Tukamwomba radhi, tukampa chai, akaenda zake akinung'unika.

Wa pili alikuwa amepotea kweli. Alitoka Sarfalao tangu jana yake na kwao walikuwa wamemtafuta bila kumtangaza, wakiona haya. Mjukuu wake akaja mbio, akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Kisha dereva wa teksi akatupa taarifa kwamba habari ilipofika mitaa ya mwisho neno Bolomakote lilikuwa limekwisha kudondoka njiani, limebaki "mpelekeni kwenye ndege," na huko kwenye uwanja wa ndege wa kweli askari wamewapanga wazee watatu kwenye viti vya abiria na hawajui wawapeleke wapi. Yakuba akapiga pikipiki teke, akaenda kuwaeleza.

Muadhini wa magharibi alikuwa amemaliza tu alipokuja wa mwisho. Mwanamke mwenye beseni kichwani alimwachia mkono, akasema, "wenu huyu," akaingia kwenye vumbi kabla hatujamjibu. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi. Kanzu yake ya bluu ilikuwa imepigwa pasi, viatu vyake vyote viwili vya ngozi, vya rangi moja.

— Karibu, mzee, nilimwambia. Samahani sana. Wamekuletea usumbufu. Unapajua kwako?

— Napajua. Akatoa ufunguo mfukoni, akatuonyesha, akaurudisha. Chumba nyuma ya kiwanda cha mafuta.

— Mbona hukuwaambia kwamba si wewe?

Alifikiri.

— Walinishika mkono, alisema.

Nikammiminia glasi ya tatu, ile tamu. Akanywa taratibu.

— Njia nzima watu walikuwa wanasimama, aliendelea. Ndiye! Ndiye! Amepatikana! Mama mmoja alinifuta uso kwa kitambaa chake. Nilitaka kuwaambia. Kila nikitaka kusema anatokea mwingine anafurahi. Huyo mliyempoteza ndiye huyu?

Mzee Fuseni alikuwa amelala, kichwa kwenye bega la binti yake.

— Ndiye.

— Mji mzima kwa mtu mmoja. Mlianza na watu wangapi?

— Wawili, Korotimu alisema.

— Wawili tu?

— Ni hesabu, mzee wangu, Waziri aliingilia, moto umemrudia. Wawili wanazaa wanne, wanne nane, hakuna pikipiki ya kuipata! Huyu mtani wangu atakuwekea karanga uone.

Maziwa akalivuta sinia. Mzee akaangalia yale mafungu mawili, moja la kumi kumi, moja lililojizidisha. Aliyafuata kwa kidole kutoka mwisho kurudi mwanzo, sitini na nne, thelathini na mbili, kumi na sita, nane, nne, mpaka zile mbili za kwanza. Kidole kikapita kikasimama kwenye bati tupu.

— Na asiye na hawa wawili, aliuliza, yeye hesabu yake inaanzia wapi?

Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Maziwa akawa anapanga karanga ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa. Mimi niliinamisha birika juu ya glasi yake, likatoa tone moja, basi.

Ndipo Mzee Fuseni alipofumbua macho. Akaona kanzu ya bluu mbele yake. Akanyoosha mkono, ule mkono wa kuchonga mbao, akamshika yule mzee vidole na kumvuta akae karibu.

— Kumbe uko hapa, alisema. Nimekutafuta tangu mchana.